Damu Iliyojijengea Nyumba Kichwani mwa Mzee Gathogo

Hongereni kwa kuvaa sare nyeupe. Inawapendeza kweli. Niliwaona juzi pale kwenye lango la hospitali mkipigana picha, kila mtu na stethoskopu shingoni, na nikasema moyoni, Mungu awasaidie wagonjwa wa Nyeri. Msikasirike. Hata mimi nilianza hivyo, ila wakati wetu hakukuwa na simu ya kupigia picha, kwa hivyo ujinga wetu haukuhifadhiwa.

Naitwa Sista Wairimu. Ni mstaafu, mkaaji wa mtaa wa Skuta, na mfugaji wa kuku ambao hawana haraka ya kutaga. Nilifanya kazi wodi ya upasuaji tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka nikawa hivi mnavyoniona. Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo. Sina. Nitawaandikia kuhusu vichwa vya wazee, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mtadanganywa, tena na watu wenye adabu nzuri na sweta safi.

Mtaletewa mzee. Ataketi kwenye kiti akiegemea upande mmoja, na jamaa zake watajibu kila swali kabla hajafungua mdomo. Watawaambia, "Hii ni umri tu, daktari." Umri ndio ugonjwa unaopendwa kuliko yote huku kwetu. Mzee akisahau jina la mke wake, ni umri. Akivaa gambuti ya kulia mguu wa kushoto, ni umri. Akianguka kwenye shamba la kahawa, ni umri, na pengine alionja pombe kidogo. Uzuri wa umri ni kwamba hautibiki, kwa hivyo hakuna mtu anayelaumiwa kwa kukaa nyumbani.

Aliyenifundisha kazi, Sista Muthoni, alikuwa mama mrefu wa Othaya mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Hakupenda neno umri hata kidogo. Mtu akilisema mbele yake, alikuwa anauliza, "Huo umri ulianza lini?" Jamaa wanaangaliana, halafu mmoja anasema, ati tangu baada ya mavuno. "Basi si umri," anasema. "Uzee haupandi gari ukashuka siku moja."

Ni yeye pia aliyenionya nisiwahi kumuuliza mwanaume wa huku kama alianguka. Mwanaume wa Kieni hajawahi kuanguka tangu azaliwe. Aliketi chini kidogo. Na kichwa chake hakijawahi kugongwa, kiligusana tu na kitu. Ukimuuliza kama aligonga kichwa, atasema hapana, mke atasema hapana, na wewe utaandika hapana kwa mwandiko mzuri. Sista Muthoni alifundisha tuulize ni kitu gani pale nyumbani kilicho kifupi. Mlango wa boma, paa la ghala la viazi, tawi la avokado, kabati la jikoni ambalo mtu fulani alilipigilia vibaya. Hapo mama mzee anacheka na kusema, "Aa, hiyo ghala, inatugonga sisi wote." Na ukiuliza ilimgonga mzee lini mara ya mwisho, utasikia ilikuwa zamani, wiki nyingi zimepita, na hakutoka hata damu. Hapo sasa ndipo unaketi vizuri kwenye kiti chako.

Mzee Gathogo aliletwa kutoka Endarasha kwa pikapu ya jirani, amekalishwa kati ya magunia ya viazi. Alikuja na watoto wake wawili. Binti, Wangechi, alikuwa amemshika mkono kama mtu anayeshika kitu cha kuazima. Kijana mkubwa, Maina, alikuja kuhakikisha kwamba hakuna kitakachofanyika. Hivyo ndivyo nilivyomwona mara ya kwanza, na sikuwahi kupata sababu ya kubadilisha maoni.

"Sista, baba ni mzee tu," Maina akaniambia. "Sisi tumekubali. Hata mama yake alienda hivyo hivyo, pole pole."

"Mmekubali nyinyi. Yeye amekubali?"

"Yeye haongei."

"Ndiyo maana nauliza."

Nikamwuliza mzee anataka nini. Akafungua mdomo, akatafuta, kisha akasema, "Kondoo." Nikampa kikombe cha maji, maana alikuwa anaangalia kikombe. Akanywa yote. Halafu akapiga godoro alilokalia kwa kiganja cha kushoto kwa hasira. Sikilizeni hapo. Alijua kwamba neno lililotoka silo alilolituma. Mtu ambaye akili imemwacha hana hasira na maneno yake. Huyu alikuwa ndani, mlango ndio ulikwama, na mkono wake wa kulia ulikuwa mzito, na mguu wa kulia unaburutwa.

"Boma lenu la kondoo," nikamwambia Maina, "mlango wake unafika wapi?"

Akaweka mkono kifuani.

"Na baba yako anafika wapi?"

Akamwangalia baba yake, ambaye ni mrefu kumshinda. Wangechi ndiye aliyejibu. "Aligonga wakati wa kukata manyoya, sista. Kwa mbao ya juu. Alisema ni kitu kidogo. Akavaa kofia, akaendelea na kazi."

Wakati wanaume wanamsukuma mzee kwenda kupigwa skani ya kichwa, Wangechi alibaki nami kwenye korido na akanieleza anachoogopa. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa ndoa iliyomshinda, na watoto wake. Baba yake hakumwuliza maswali. Alimwonyesha kipande cha chini cha shamba, karibu na mto, akamwambia, panda hapo, hapo ni pako. Akaongeza kwamba ataita wazee wa mbari, yaani ukoo wao, awaonyeshe mpaka mbele ya vijana wake wote, ili asije mtu kesho akasema hakusikia. Halafu kabla hajawaita, mbao ya boma ikamgusa.

"Sasa Maina anauliza, baba alisema lini, na mbele ya nani," akaniambia. "Sista, kama baba haongei, mimi na watoto tuko barabarani."

Mimi si mtu wa kulia kwenye korido. Lakini nilimkasirikia yule Maina kwa niaba ya wanawake wote niliowahi kuwajua, na nikamwambia Wangechi akae, nitamletea chai.

Daktari wetu wa upasuaji wakati huo alikuwa Daktari Wekesa, kijana kutoka Bungoma, mpole kupita kiasi, wa kuiomba sindano radhi kabla ya kuidunga. Aliniita nione picha. Upande wa kushoto, kati ya fuvu na ubongo, kulikuwa na ukanda mnene wa damu iliyokaa, na ubongo umesukumwa kando kama mtu mnyonge kwenye kiti cha kanisa. Upande wa kushoto ndiko maneno yanakotengenezwa kwa watu wengi, na ndiko mkono wa kulia unakoongozwa. Basi hakuna kilichokuwa cha ajabu tena.

Nikasema kile nilichofundishwa na kila mtu aliyenitangulia. Mzee akizeeka, ubongo unapungua kidogo, nafasi inabaki, mishipa midogo inavutika. Akigongwa, mshipa mmoja unapasuka na kuanza kudondosha, tone kwa tone, wiki kwa wiki, kama mfereji uliochoka, mpaka nafasi inajaa.

Daktari Wekesa akakohoa kile kikohozi chake cha adabu. "Sista, ule mshipa wa kwanza ulijifunga zamani."

"Sasa damu inatoka wapi, mbinguni?"

"Inatoka kwenye matengenezo."

Nilidhani ananichezea. Lakini aliketi, akanieleza, na kwa sababu nyinyi mnapenda kusema mmesoma, nitawaeleza mimi kwa njia ambayo mtaikumbuka.

Damu kidogo ikimwagika pale chini ya utando mgumu unaofunika ubongo, mwili unaiona kama jeraha. Unafanya kile ambacho mwili hufanya pahali popote pameumia: unatuma askari na mafundi. Hiyo ndiyo inflamesheni, ile ya kuvimba, kuwa na rangi nyekundu na kuwaka moto. Kwenye kidole kilichochomwa na mwiba ni jambo jema, linaisha na unapona. Kwenye kichwa cha wazee wengine, mafundi wakifika hawaondoki. Wanaanza kujenga. Wanaizungushia ile damu ngozi, nje na ndani, mpaka inakuwa mfuko. Na kwa sababu fundi lazima ale, wanaupitishia mfuko huo mishipa mipya ya damu. Mishipa gani? Ya haraka, myembamba, ya kuvuja. Basi inavuja. Damu mpya ikivuja, mwili unasema, kumbe kuna jeraha, tumeni mafundi zaidi. Na zile kemikali wanazozimwaga zinaifanya damu isigande, kwa hivyo inabaki majimaji na inaongezeka.

Mmewahi kuona kamati ya mazishi ambayo maiti imezikwa, jamaa wamerudi Nairobi, na bado inakutana kila Alhamisi? Ina mwenyekiti, ina katibu, ina kamati ndogo ya chai. Ukiuliza kazi yao ni gani, wanakwambia wanashughulikia mambo yaliyotokana na mkutano uliopita. Hivyo ndivyo kichwa cha Mzee Gathogo kilivyokuwa. Mbao ya boma ilimaliza kazi yake siku ileile. Kilichokuwa kinamwua ni kamati.

Niliuliza swali ambalo najua mnalo kwenye ulimi. Kama shida ni kuvimba, si apewe dawa ya kutuliza uvimbe, ile deksamethasoni tunayoifahamu sote, aende nyumbani bila kutobolewa? Daktari Wekesa akasema hilo lilikuwa wazo zuri sana, na watu werevu waliliamini kwa miaka. Walipokuja kufuatilia wagonjwa kwa makini, waliopewa dawa walirudishwa kupasuliwa mara chache kuliko wenzao, ni kweli, lakini baadaye hali zao zikawa mbaya zaidi. Dawa ile inatuliza kamati, ndiyo, lakini pia inawalaza walinzi wa mwili mzima. Sukari inapanda, mapafu yanashikwa, mzee anachanganyikiwa zaidi. Kwa hivyo wazo zuri likawekwa kando. Liandikeni mahali hilo, maana mtakutana na mawazo mazuri mengi katika kazi hii, na mengine yatakuwa yenu.

Tukampeleka thieta. Walitoboa matundu mawili madogo kwenye fuvu, na ile damu ikatoka yenyewe, nyeusi, nyepesi, kama oili ya gari iliyozeeka. Wakaiosha nafasi kwa maji ya chumvi mpaka yakatoka safi, wakaacha kimpira cha kutolea mabaki, wakafunga. Kwa upasuaji wa kichwa ni kazi fupi. Ninyi mnaopenda mambo makubwa mtasikitika kuiona.

Aliporudi wodini, mzee alimwangalia Maina, akasema wazi kabisa, "Ni nani amebaki na kondoo?" Wangechi akageukia dirisha na kulia. Maina akasema Mungu ni mwema, kwa sauti ya mtu ambaye angependa kuzungumza na Mungu kando kidogo.

Sasa niwaambie jambo la mito ya kulalia. Daktari aliagiza mzee alale chali, bila mto, mpaka kesho yake, ubongo upate nafasi ya kurudi mahali pake. Niliandika, nikasema, nikabandika karatasi ukutani. Kisha saa ya kuona wagonjwa ikafika, na kanisa lote la Endarasha likaingia. Kwetu, mtu aliyelala chali kabisa, kichwa chini, mikono kando, na kitambaa cheupe kichwani, tunajua tunamwona wapi. Wakasimama mlangoni na uso wa kuaga. Mama mmoja akaanzisha wimbo ambao si wa wagonjwa. Mzee mwenyewe aliona aibu kupokea wageni kama maiti. Nikaenda kuchukua dawa, na niliporudi, ameketishwa wima kwa mito minne ya wagonjwa wengine, ana kikombe cha uji mkononi, na watu wamefurahi sana.

"Sista, tumemwinua," mama wa wimbo akaniambia. "Alikuwa anaonekana vibaya."

Nikawatoa wote nje, na wimbo wao. Sitasema mito ndiyo iliyoleta yaliyofuata. Hakuna anayejua, na mfuko ule ungeweza kujaa tena hata angelala juu ya jiwe. Lakini tangu siku hiyo, nikiwa na mgonjwa wa kulala chali, nilikuwa naanza na jamaa. Nawaambia mapema, mtamkuta amelala kama marehemu, si marehemu, msimguse. Kubandika karatasi ukutani ni kazi bure. Watu wa Nyeri wanasoma karatasi za mitaani za kuuza mashamba, hizi zetu hawazioni.

Kabla hajaruhusiwa, Wangechi alimwambia kaka yake kwamba sasa baba anaongea, wazee wa mbari waitwe. Maina alikuwa tayari na jibu.

"Baba apumzike kwanza. Si daktari alisema apumzike? Unataka kumwua na mikutano?"

Sijawahi kuona mtu aliyejali mapumziko ya mzazi namna ile. Na mzee, ambaye alikuwa mchovu na hakupenda makelele, akasema, "Tutaita. Hakuna haraka." Haki, niliposikia hivyo nilitaka kumtikisa, na kichwa kile hakikuwa cha kutikiswa.

Kwa hivyo nilimvuta Wangechi kando nikampa kazi. Daktari alikuwa amemweleza kwamba tumetoa damu tu, mfuko wenyewe bado uko, na kwa wengine unajaa tena. Maelezo mazuri, lakini mtu aliye shambani hawezi kuangalia mfuko ulio ndani ya fuvu. Nikamwuliza baba yako anapenda kutaja nini. Akasema kondoo wake, kila mmoja ana jina. Nikamwambia, kila asubuhi baba akifungua boma, mwulize majina. Akikosea, mwangalie anavyoshika kikombe kwa mkono wa kulia. Akiumwa na kichwa na kutapika, au akilala usingizi usioamka vizuri, usimpigie Maina. Nipigie mimi.

Hiyo ndiyo dawa ninayowaachia, vijana. Msimwambie mtu aangalie dalili. Mwambieni aangalie kondoo.

Wangechi alinipigia asubuhi moja, miezi michache baadaye, nikiwa nimeshastaafu, niko nje nawabembeleza kuku. "Sista, leo ameita dume la kondoo jembe. Na kikombe kimeanguka."

"Mleteni sasa hivi. Msingoje hata chai."

"Maina ameita watu wa kuomba. Na baba amekataa kuingia kwa gari."

Nilimpigia Daktari Wekesa, naye akasema chumba kitakuwa tayari, aletwe tu. Nikatafuta gari kwenda Endarasha. Nilikuwa naogopa, wala sioni haya kusema. Ubongo ukisukumwa mara ya pili hauna uvumilivu wa mara ya kwanza, na mzee anaweza kukuongelesha saa hii na saa nyingine asikuamkie tena.

Nilikuta uwanja umejaa. Maina, katika hekima yake, hakutaka mtu aseme kwamba alikaa tu baba akifa, kwa hivyo alikuwa amewaita wote waje kumwombea: wazee wa kanisa, majirani, ndugu zake, na wazee wa mbari wote na kofia zao. Yaani wale watu ambao Wangechi aliwaomba waitwe tangu hospitali, leo waliitwa na Maina mwenyewe. Pikapu ya jirani ilikuwa inanguruma mlangoni. Mzee Gathogo alikuwa amesimama katikati, uso umelegea upande wa kulia, akiwahesabu kwa macho mmoja mmoja. Alipoona kwamba wote wameketi, alikwenda ukutani akachukua jembe kwa mkono wa kushoto.

"Mzee, gari inangoja," nikamwambia. "Kichwa hakingoji."

Akanipita. Akaenda kwenye mpaka wa juu, ule wake na jirani, ambako itoka imeota kwa wingi. Kwa wale mliokulia kwenye nyumba za kupanga, itoka ni lile yungiyungi la majani marefu ambalo wazee wetu walipanda mpakani. Siku hizi mna hati za ardhi na mawakili, najua. Lakini hata leo hakuna mtu huku anayetaka kuonekana aking'oa itoka iliyopandwa mbele ya watu. Mzee akachimbua mafungu kadhaa, matope na vyote, akanigeukia na kunipa nishike. Mimi, muuguzi mstaafu, niliyekuja kumtia kwenye gari, nikabaki nimekumbatia maua.

Akateremka shambani mpaka pale kipande cha Wangechi kinapoanzia, na watu wote wakamfuata. Akachimba shimo kwa mkono mmoja. Akanyoosha mkono bila kuniangalia, nikampa fungu la kwanza. Akapanda, akakanyaga, akasogea. Aliyumba mara mbili, na mara zote mbili Wangechi alimshika kiuno, na mara zote mbili mzee alimwondoa, kwa upole. Nilikuwa nasema moyoni, fanya haraka mzee, fanya haraka, ninakuomba.

Ndipo Maina akanijia mbele ya watu wote. "Sista, wewe ndiye ulisema ubongo wake umefinywa. Waambie wazee. Mtu aliyefinywa ubongo anajua anachofanya?"

Lilikuwa swali zuri. Siku zote za ugonjwa hakuwa ameuliza jambo lolote la maana, na leo aliuliza. Wazee wa mbari wakaniangalia.

"Kilichofinywa ni maneno ya kutoka," nikasema. "Ya kuingia yanaingia. Mwulizeni kwa ndiyo na hapana."

Mzee mmoja wa mbari, wa umri wa Gathogo, akaja akasimama karibu naye. "Gathogo, hapa unapopanda, ndani ya mpaka huu ni kwa Maina?"

Akatikisa kichwa, hapana.

"Ni kwa kanisa?"

Hapana.

"Ni kwa vijana wako wote?"

Hapana.

"Ni kwa Wangechi?"

Akasema, "Kondoo." Neno halikumtii. Watu wakanung'unika, na Maina akafungua mdomo. Mzee Gathogo akaangusha jembe, akamshika binti yake mkono, akamvusha ule mstari wa itoka, akamwacha amesimama ndani, na yeye akabaki nje. Kisha akanigeukia na kuashiria gari kwa kidevu.

Tulifika mjini akiwa nusu usingizini. Daktari Wekesa aliingia naye mara moja. Baadaye aliniambia ngozi ya ule mfuko ilikuwa nene na nyekundu, imejaa vimishipa vilivyovuja ukivigusa tu, kama alivyonieleza siku ya kwanza. Alimsafisha tena, na safari hii akapanga akipata nguvu apelekwe Nairobi, ambako wanaingiza mpira mwembamba ndani ya mshipa mpaka kichwani na kuziba ule unaoulisha mfuko. Ukimnyima fundi chakula, anafunga kazi. Miaka yote niliyofanya kazi hatukuwa na kitu kama hicho; tulikuwa tunatoboa, tunamwaga, tunaomba. Nyinyi mmezaliwa na bahati, na natumaini mtaitumia kwa kitu kingine zaidi ya picha.

Siku iliyofuata tulikuwa sote kando ya kitanda, mimi kwa ubishi tu maana sina kazi pale. Mzee alikuwa amelala chali, bila mto. Maina alikuwa amekuja na wazee wawili wa mbari, waone wenyewe hali ya akili ya baba. Daktari Wekesa akainama.

"Mzee, hapa ni wapi?"

"Hospitali."

"Na huyu ni nani?" Akamwonyesha Maina.

"Maina."

"Vizuri sana. Na huyu?" Akamwonyesha Wangechi.

Mzee Gathogo akamwangalia binti yake. Wangechi alikuwa ameshika chuma cha kitanda.

"Jirani," akasema.

Daktari Wekesa akashusha kalamu. Maina akawageukia wale wazee na kuinua mikono, ile ya mtu mwenye huzuni. "Mnaona? Hata binti yake hamjui."

Mzee akafumba macho, akapumua, akaanza kuyatoa maneno moja moja, kila moja likiwa mahali pake.

"Tumepakana upande wa chini. Wazee hawa waliona. Mwambieni arudi kwake, maana mimi nimelala hapa, na watoto wake wasiachwe peke yao nyumbani."